Mashine Ipo, Waya Umefika kwa Nani?
Historia fupi ya taa na giza kandokando ya Ziwa



Ukurasa wa historia katika kijitabu chetu huwa ni wa wazee wetu, shule za zamani au meli. Mwaka huu tumeandika historia ya taa. Mradi tunaouchangia ni wa taa za dharura katika kituo cha afya, na wengi mmetuuliza: "Si tulishanunua jenereta?" Ndiyo, tulinunua. Tuanze na hiyo jenereta, maana bila kusema ukweli kuhusu mchango uliopita hatuna haki ya kuomba mwingine.

Usiku wa masika

Miaka michache iliyopita tulichanga, tukanunua jenereta ya dizeli kwa ajili ya kituo kimoja cha afya cha huku kwetu. Tuliipokea kwa ngoma na tukapiga picha nayo. Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika, na mlinzi akaiwasha bila shida. Ofisi ikang'aa, na taa za getini zikang'aa. Chumba cha kujifungulia kikabaki giza. Mama mmoja alijifungua kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na mama mkwe wake, huku muuguzi akifanya kazi kwa mikono miwili na macho nusu. Mungu ni mwema, mama na mtoto walitoka salama.

Asubuhi tuliuliza kulikoni. Jibu lilikuwa rahisi na la aibu. Fedha yote iliishia kwenye mashine. Iliyobaki ilitosha waya mfupi tu, na fundi akaunganisha jenereta kwenye boksi la umeme lililokuwa karibu, yaani la jengo la utawala. Kituo hatukitaji, kwa sababu kosa si lake wala si la muuguzi. Kosa lilikuwa letu. Tulinunua mashine tukadhani tumenunua mwanga.

Baadaye, tulipotazama nyuma, tuliona kwamba jambo hilo si geni katika ukanda wetu. Tangu umeme ulipoanza kusikika huku, mara nyingi mashine imekuwepo. Swali gumu limekuwa waya umefika kwa nani, na nani anabaki gizani taa zikizimika.

Kutoka koroboi hadi gridi

Wazee wetu walisomea kwa koroboi na kufanyia harusi kwa karabai. Ziwani, wavuvi wa dagaa walielea usiku wa giza la mwezi wakiwa na karabai zao, ukitazama kutoka ufukweni unadhani kuna mji juu ya maji. Siku hizi taa za betri zimechukua nafasi ya karabai nyingi. Lakini mvuvi mzoefu, wa zamani na wa sasa, hatoki mwaloni na taa moja. Anajua kwamba taa huzimika wakati unapoihitaji.

Katika nchi yetu umeme wa kwanza uliwashwa na Wajerumani mjini Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wao. Mwaka 1931 serikali ya Waingereza ilikabidhi kazi ya umeme kwa kampuni binafsi. Reli kutoka Tabora ilikuwa imeshafika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda bandarini. Viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa na injini zake. Ngurumo ya injini ilisikika vijijini, ila taa yake iliishia kwenye ukuta wa kiwanda. Umeme ulipoingia katika miji ya Kanda ya Ziwa, nao ulitoka kwenye mashine za dizeli, ukafuata barabara za maduka na nyumba za wakubwa.

Mwaka 1954 Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa huko Jinja, Uganda. Mitambo yake ilizungushwa na maji yanayotoka katika ziwa hilihili letu. Kwa hiyo maji tuliyoogea sisi na kuvulia sisi yaliwasha taa za Kampala, na sisi wa upande wa kusini tukaendelea kuagiza dizeli kwa treni. Hatulaumu jirani, yeye alikuwa na maporomoko. Tunasema tu kwamba kuwa karibu na chanzo cha nguvu si sawa na kuwa na mwanga.

Baada ya Uhuru, serikali ilianza kununua hisa za kampuni za umeme mwaka 1964, na TANESCO ikawa mali ya umma. Bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha mwaka 1975. Ni mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo nyaya ndefu kutoka mabwawa ya kusini, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, zilipoiunganisha Mwanza na gridi ya taifa. Tulifurahi, na tulikuwa na haki. Wengi waliona kwamba zama za jenereta zimekwisha.

Hazikuwa zimekwisha. Mgao wa miaka ya 1990 ulitufundisha, na ule wa 2006 ulitufundisha zaidi. Mwaka huo ukame ulipunguza maji ya Mtera. Ziwa letu nalo lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, kwa sababu ya ukame na pia kwa sababu Jinja ilikuwa ikiachia maji kupita kiasi kilichokubaliwa. Mitumbwi ilibaki juu ya tope, na majumbani taa zilikuwa zimezimika. Mwaka 2011 mgao ulirudi. Mtambo wa mafuta mazito ulijengwa Nyakato, wa takriban megawati 60, kuisaidia Mwanza isitegemee mvua ya mbali peke yake.

Vijijini, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo zikaingia mahali ambapo wazazi wetu hawakuziota. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024. Hii ni neema, na tunaisema kwa sauti. Hata hivyo, mwezi Aprili mwaka huohuo wa 2024 hitilafu ya gridi iliweka sehemu kubwa ya nchi gizani. Hapakuwa na upungufu wa maji siku hiyo. Nyaya zinapounganisha nchi nzima, jambo lililotokea mkoa wa mbali linaweza kuzima taa ya Nansio au Sengerema. Ndiyo maana wazo kwamba "sasa umeme upo wa kutosha, taa za dharura za nini?" halitoshi kutuliza chumba cha kujifungulia.

Giza linapogharimu

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, na zaidi ya watu 200 walifariki. Wengi wetu tulizika ndugu. Ajali ilitokea mchana, lakini jioni ilipoingia uokoaji ulilazimika kusimama hadi alfajiri. Hatusemi kwamba taa ingewarudisha wote. Tunasema kwamba usiku ule kila aliyesimama ufukweni alijua thamani ya mwanga. Sehemu ya michango ya rambirambi iliyotolewa na Watanzania ilielekezwa kuongeza majengo ya Kituo cha Afya Bwisya. Huo ni ukumbusho mzuri kuliko mnara. Bwisya hiyohiyo ilikuwa imeanza kupata umeme wa jua wa gridi ndogo mwaka 2016, wenye jenereta ya dizeli ya akiba. Waliobuni gridi ile walipanga chanzo cha pili tangu mwanzo.

Mfano mwingine unatoka kwa jirani tajiri kuliko sisi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, jenereta iliyohudumia baadhi ya majengo ya abiria haikuwaka. Abiria walikaa gizani, waziri aliomba radhi hadharani, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa. Mashine ilikuwepo pale pia, kubwa na ya bei. Kwa hiyo tusione haya kwamba sisi wa mwaloni tulikosea. Tutaona haya tukirudia.

Kanuni zilikotoka

Wengine husikia neno "kanuni za umeme" wakafikiri ni usumbufu wa wakaguzi. Kanuni hizi zina historia ya machozi. Za Uingereza, ambazo ndizo mafundi wetu wengi walisomea, zilianza London mwaka 1882 kama karatasi chache za kuzuia moto uliotokana na taa za umeme, kitu kipya wakati ule. Desemba 1903 jumba la maonyesho la Iroquois mjini Chicago liliungua, na watu 602 walikufa. Milango ya kutokea ilikuwepo, lakini ilifichwa na mapazia na haikuwa na alama za kuwaonyesha watu. Misiba ya namna hiyo ndiyo iliyowafundisha watunga sheria kudai njia ya kutokea ionekane hata umeme wa kawaida ukifa.

Kwetu, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 na EWURA zinataka kazi ya kufunga umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya daraja linalolingana na kazi hiyo. Fundi wa namna hiyo akikuambia "hapa haiwezekani," huenda anazungumza kwa niaba ya watu 602.

Saketi za dharura hufanywaje

Baada ya usiku ule wa masika tuliwaita mafundi wenye leseni, wana wa nyumbani, watueleze kwa lugha ya nyumbani. Haya ndiyo waliyotufundisha.

Kwanza, mizigo hutenganishwa. Umeme wa jengo hugawanywa katika maboksi mawili. La kwanza ni la kawaida: pasi, birika, kompyuta za ofisi, taa za uani. La pili ni la lazima: chumba cha kujifungulia, chumba cha upasuaji, korido, ngazi, milango ya kutokea, jokofu la chanjo, mashine za oksijeni na pampu ya maji. Jenereta huunganishwa na boksi la pili tu. Hapo ndipo tulipokosea. Tuliunganisha jenereta na jengo lililokuwa karibu, badala ya kuiunganisha na kazi isiyoweza kusubiri.

Pili, ukishatenganisha, mashine inayohitajika huwa ndogo kuliko unavyodhani. Taa 40 za LED za wati 18 ni wati 720. Mashine mbili za oksijeni ni kama wati 700. Ongeza taa ya upasuaji, mashine ya kufyonza, jokofu na pampu, hesabu inakaa kwenye kilowati chache, na jenereta ya kVA 10 inaibeba, ikiwa fundi amehesabu vizuri ule mvuto mkubwa wa pampu inapoanza. Jenereta kubwa kupita kiasi si salama zaidi. Injini ya dizeli ikibeba mzigo mdogo kwa muda mrefu huziba masizi, hutoa moshi mweusi na huchakaa mapema.

Tatu, swichi ya kubadilisha umeme, ile mafundi wanayoiita chenji ova, lazima iwe ya aina isiyoweza kukubali pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ama TANESCO, ama jenereta. Wapo wanaotumia waya wenye plagi mbili, wanachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani. Ndugu zetu, huko ni kuua. Transfoma hufanya kazi kuelekea pande zote mbili. Umeme wa jenereta ukitoroka kwenda kwenye nguzo, transfoma huupandisha hadi maelfu ya volti, na fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo akijua waya umekufa, anakufa yeye.

Nne, jenereta haitoshi peke yake. Hata iliyo nzuri huchukua sekunde kadhaa kuwaka, na ikiwashwa kwa mkono husubiri mlinzi atafute ufunguo. Viwango vya kimataifa vya vyumba vya tiba vinataka taa ya meza ya upasuaji irudi ndani ya nusu sekunde, na huduma nyingine za usalama ndani ya sekunde 15. Nusu sekunde haiwezi kupatikana kwa injini, hupatikana kwa betri. Kwa hiyo betri huziba pengo, na jenereta hupokea mzigo. Kwenye korido na ngazi, viwango vya Uingereza vinataka angalau luksi 1 katikati ya njia ya kutokea, mwanga wa kwanza uje ndani ya sekunde 5, na kwa kawaida taa hizo hupangwa zidumu saa 3. Mbalamwezi kamili hutoa kama robo ya luksi. Kinachotakiwa basi si mwanga wa harusi. Ni mwanga wa kumwezesha mtu kubeba machela bila kujikwaa.

Tano, na hili ndilo lililotushangaza zaidi: umeme unaweza kufa katika wodi moja tu, na jengo lote likabaki na umeme. Breka ya korido ikikatika, TANESCO bado ipo getini, kwa hiyo jenereta haina sababu ya kuwaka. Taa ya betri ya korido lazima iunganishwe na saketi ileile ya taa za korido hiyo, ili ihisi giza la pale ilipo, isingoje giza la kijiji kizima. Korido moja pia ihudumiwe na saketi zaidi ya moja, ili hitilafu moja isiizime yote.

Sita, nyaya za boksi la lazima zipite njia yake, zisifungwe pamoja na nyingine, na mahali pa hatari ya moto ziwe za aina inayostahimili moto. Waya wa ardhi upimwe kwa kifaa, hata pale ambapo umeme wa jenereta ndio unaotumika. Jenereta ikae nje, moshi wake usielekee madirishani, maana hewa yake huua bila harufu ya kutisha.

Saba, daftari. Mara moja kwa mwezi taa za betri zijaribiwe, na jenereta iwashwe ikiwa imebeba mzigo, isiungurume bure tu. Betri ya kuwashia ikaguliwe, dizeli ipimwe, aliyefanya aweke sahihi. Jenereta nyingi zinazogoma usiku wa shida zilikuwa zimeanza kugoma miezi kabla, ila hakuna aliyeziuliza.

Tunachoomba mwaka huu

Katika mkutano wetu uliopita baadhi ya wanachama, kwa nia njema kabisa, walipendekeza tununue jenereta kubwa mara mbili ya ile ya kwanza, yenye kibao cha majina ya wachangiaji. Kamati imekataa, na tunadaiwa maelezo. Maelezo ndiyo haya mliyosoma. Jenereta tuliyonayo inatosha. Kinachokosekana ni boksi la pili, chenji ova, nyaya kutoka kwenye mashine hadi chumba cha kujifungulia, taa za betri na daftari. Ni kweli kwamba kibao cha majina hakibandikwi juu ya waya uliofichwa ukutani. Mchango huu hautaonekana kwenye picha.

Utaonekana usiku. Kwa ndugu zetu wa visiwani na mialo ya mbali, rufaa ya kwenda Bugando ikitoka saa nane za usiku mara nyingi husubiri kuche. Katika saa hizo za kusubiri, kituo kidogo ndicho hospitali yote waliyo nayo, na mikono ya muuguzi mmoja ndiyo tegemeo lote. Tunataka awe na macho kamili.

Makisio yote yako kwenye ukurasa wa bajeti, kifaa kwa kifaa, pamoja na gharama ya fundi mwenye leseni na ya ukaguzi. Anayeweza kuchangia fedha achangie kadiri alivyojaliwa. Fundi umeme mwenye leseni aliye tayari kutoa siku zake mbili ajiandikishe kwa katibu. Na nyie mlio nyumbani tunawaomba watu wawili watakaokubali kushika daftari na kwenda kituoni kila mwisho wa mwezi, wazime meni swichi wenyewe, wapite chumba hadi chumba wakitazama ni taa ipi imewaka na ipi haikuwaka, kisha watuandikie.

Mwakani katika kijitabu hiki tutachapisha kurasa za daftari hilo, hata kama zina makosa.